Kawa Isiyofunuka

Sogeeni, wapwa zangu. Mkeka upo, nafasi ipo. Shelisheli nimeliweka kwenye makaa, na shelisheli halipendi haraka. Linataka kugeuzwa. Linataka kusubiriwa. Ganda likishakuwa jeusi lote, ndipo tutalimenya tule.

"Mjomba, kwa nini linaitwa shelisheli?"

Umeuliza vizuri! Mwingine angeuliza litaiva lini. Wewe umeuliza jina. Mtoto anayeuliza jina la kitu anachokila siku zote, huyo mimi namsogezea kipande kikubwa.

Jina la tunda hili ni jina la nchi. Iko nchi ya visiwa inayoitwa Shelisheli, upande ule wa bahari jua linakotokea. Ukitoka hapa pwani, ukashika njia ya mashariki, utakwenda zaidi ya kilomita 1,500. Maji kulia, maji kushoto. Kisha utaona vilima vya mawe vimesimama majini. Umefika. Kipo kisiwa kikubwa chao, Mahé. Na kipo kidogo nitakachowasimulia leo. Kinaandikwa Frégate. Ukitamka Fregati, utakuwa umekaribia.

Frégate ni kidogo kweli. Chukua Mji Mkongwe wa Unguja, uuweke pale mara mbili. Kisiwa kimejaa. Unabakiwa na ukingo wa kutandika mikeka. Ni kilomita 2 za mraba na ushei, basi.

Kisiwa ni kidogo, bahari ni kubwa. Yashikeni maneno hayo, tutayataka tena.

Juu ya kisiwa hicho anaishi mdudu mmoja. Hapa kwetu hayupo. Madagaska hayupo. Mahé hayupo, ingawa Mahé ni kilomita 50 na kitu tu kutoka pale. Dunia nzima, huyo mdudu makao yake ya asili ni Frégate peke yake.

"Mdudu gani, mjomba?"

Mbawakawa.

Ngoja. Mbona mnatazamana? Jina hilo hamlijui? Kimbia jikoni, mwanangu, uniletee kawa. Ile ya ukindu, anayofunikia chakula mama yako.

Haya, hii hapa. Chini ya kawa huwa kuna nini? Chakula. Kawa yenyewe hailiwi. Kazi yake ni kukinga: vumbi lisiingie, nzi asitue. Sasa lisikilizeni jina la mdudu. Mbawa. Kawa. Mimi kila nikilisikia jina hilo naona picha moja tu: mbawa zilizofunikwa kwa kawa. Na ndivyo alivyoumbwa. Ana mbawa jozi mbili. Jozi ya juu ni ngumu kama ukucha. Hiyo ndiyo kawa. Jozi ya chini ni laini, nyembamba, imekunjwa kama kanga kabatini. Hiyo ndiyo ya kurukia. Akitaka kuondoka, anafunua kawa, anakunjua kanga, anaruka. Akitua, anakunja kanga, anafunika kawa.

"Mimi namjua?"

Unawajua wengi. Fukusi wa kwenye mchele, yule mama anayemchambua ungoni, ni mbawakawa. Chonga mwenye pembe, anayetoboa minazi ya babu, ni mbawakawa. Kimulimuli ni mbawakawa.

"Kimulimuli! Na mende je?"

Swali zuri. Mende hapana. Mbawa za juu za mende zinapandana, moja juu ya nyingine, kama mtu aliyejifunga shuka. Za mbawakawa zinakutana katikati, kama milango miwili ya nyumba za zamani, na mstari unashuka wima mgongoni. Ukiona mlango wenye mstari katikati, bisha hodi. Ndiye.

Na ni wengi, wapwa zangu. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina mbawakawa wa aina zipatazo 400,000. Hiyo ni hesabu ya aina tu, mdudu mmoja mmoja hakuna awezaye kumhesabu. Lau ungechukua mnyama mmoja wa kila aina inayojulikana, ukawapanga barabarani foleni moja, samaki, popo, konokono, tembo, kipepeo, kunguru, basi ukipita unahesabu, karibu kila wa nne ni mbawakawa.

Sasa yule wa Frégate. Tumpe nafasi aseme mwenyewe. Paukwa!

"Pakawa!"

*

Hamjambo, watoto. Mimi ni mkazi wa Frégate. Watu wa kwetu, kwa Kikrioli chao, wananiita bib arme, yaani buibui mwenye silaha. Siwalaumu. Waliona miguu yangu mirefu. Lakini mimi si buibui. Buibui ana miguu minane. Hesabu yangu. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Imekwisha.

Mimi ni mkubwa kwa mdudu. Sentimita 2 na nusu, wengine hufika 3, na miguu hujaipima. Tumbo langu ni la mviringo. Mgongo wangu una vinundu vinundu, kama ukuta uliorushiwa kokoto. Mchana nalala kwenye ufa wa gome la mti, mimi na wenzangu, tumebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Usiku natoka. Napanda shina. Nashuka shina. Natembea. Natembea tu.

"Mbona huruki?"

Angalia mgongo wangu. Mlango wenye mstari unauona? Sasa jaribu kuufungua. Haufunguki. Kawa yangu imeshonwa. Pande mbili zimeungana zikawa ngao moja. Na hata ungeipasua, chini yake usingekuta kanga ya kurukia.

"Silaha yako iko wapi?"

Nishike uone. Natoa majimaji yenye harufu kama ya miski, na vidole vyako vinabaki na doa la zambarau. Hina uliyopakwa na mdudu! Utaiosha sana kabla haijatoka.

Mti niupendao unaitwa sandragon. Ninyi mnaye ndugu yake: mninga. Ukoo mmoja. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Na sandragon ni hivyo hivyo. Mti mwingine ninaoupenda mnao, tena huo hapo nyuma ya jiko. Mkorosho.

*

Msishangae. Mkorosho ulitoka Brazili. Mikono ya watu iliuleta pwani yetu, mikono ya watu iliufikisha Shelisheli. Na sandragon nao ulipelekwa pale na watu, kutoka kusini mashariki mwa Asia. Msitu wa kwanza wa Frégate ulifyekwa sehemu kubwa, wakapanda minazi na mazao mengine. Bib arme akapoteza miti ya mababu, akajihifadhi kwenye miti ya kigeni. Mwenyeji akawa mpangaji. Alikubali, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Kisiwa ni kidogo, bahari ni kubwa.

"Mjomba, nani alimshona kawa?"

Nilijua utafika hapo. Macho yako yalikuwa mgongoni kwake muda wote.

Kiko kisiwa kingine, mbali kabisa na Shelisheli, huko bahari ya Atlantiki, magharibi ya Moroko. Kinaitwa Madeira, ni cha Wareno. Si cha joto kama letu, lakini somo lake linatufaa. Zamani, karne ya 19, Mwingereza mmoja mwenye afya dhaifu alikwenda kule kutafuta hewa nzuri. Jina lake Thomas Vernon Wollaston. Wengine wakiugua hulala. Yeye alikusanya mbawakawa. Gome baada ya gome, jiwe baada ya jiwe. Mwingereza mwenzake, Charles Darwin, akaichukua hesabu yake akaiandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya viumbe. Hesabu ilikuwa hivi: Madeira ina mbawakawa wa aina 550, na katika hao, aina 200 hawawezi kuruka.

Mia mbili! Darwin akajiuliza kama ulivyouliza wewe. Nani amewashona?

Akafikiri juu ya upepo. Tufikiri naye. Wazia kusi inavyovuma hapa. Sasa wazia mbawakawa wawili juu ya kisiwa. Mmoja ana mbawa kubwa, hodari wa kuruka. Mwenzake kazaliwa na mbawa fupi, mvivu wa kuruka. Upepo unakuja. Hodari yuko juu angani. Upepo unamchukua, unamtupa baharini. Kwisha habari yake. Mvivu yuko chini ya jani. Upepo unapita. Kesho anataga mayai. Watoto wanamfanana. Kesho kutwa upepo unakuja tena. Nani anabaki? Mvivu. Nani anataga? Mvivu. Mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi.

"Kwa hiyo walikata mbawa wenyewe wasipeperushwe?"

Hapana. Hapa wakubwa wengi huteleza, kwa hiyo sikiliza taratibu. Hakuna aliyekata. Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Walioweza kuruka waliondoka, wasioweza walibaki, na waliobaki ndio waliozaa. Basi. Kama mahindi ya mbegu: kila msimu ukibakisha mahindi yenye magunzi mafupi tu ukayapanda hayo, baada ya misimu mingi shamba zima litakuwa la magunzi mafupi, na hakuna hindi hata moja lililoamua.

Lakini ipo sababu nyingine, na mimi hii ya pili ndiyo inayoniingia zaidi. Waliokuja baada ya Darwin wameifikiria sana. Ni sababu ya chungu.

Mama ana unga wa chungu kimoja. Akiutumia wote kwa uji, hakuna ugali. Mwili wa mdudu una chungu kimoja pia. Mbawa zinakula. Misuli ya kurukia inakula zaidi. Mdudu anayeishi mahali ambapo leo kuna maji kesho hakuna, leo kuna matunda kesho hakuna, huyo azitunze mbawa zake, atahitaji kuhama. Lakini bib arme anahamia wapi? Ufa wa gome uko palepale, gogo bovu la kulelea watoto wake liko palepale. Mchana amejibanza ndani ya ufa, upepo hata haumgusi. Basi yule anayezaliwa bila gharama ya mbawa anabakiwa na unga wa ziada. Unga huo unakwenda kwenye mayai. Watoto wanakuwa wengi. Na watoto wanamfanana.

Nani alimshona kawa? Muda mrefu, na mahali padogo patulivu.

*

Geuza shelisheli, upande ule umeshaungua. Vizuri.

"Mjomba, kisiwa kidogo kinachukua mbawakawa aina ngapi?"

Wewe leo umenikamata. Twende barazani.

Baraza yetu wanakaa watu wangapi? Kumi, wakibanana. Wapo wanaokuja, wapo wanaoaga. Saa moja baadaye ukihesabu, ni kumi tena, lakini si wale wale. Baraza ya msikitini, kubwa na iko njiani, ina watu wengi. Kibaraza cha yule mzee anayekaa mwisho wa kijiji, kidogo tena mbali, kina wawili, watatu. Si kwamba mzee ni mbaya. Ni padogo, na ni mbali.

Visiwa ndivyo vilivyo. Mdudu anafika kisiwani kwa bahati. Anakuja ndani ya gogo linaloelea. Anabebwa na dhoruba. Wachache wanafika, na katika waliofika wengine wanakufa. Kisiwa kikiwa kikubwa na karibu na bara, wageni wengi. Kikiwa kidogo na mbali, wageni wachache. Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, waliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1967.

Huyo Wilson nampenda kwa sababu moja. Alipokuwa mtoto wa miaka saba alikuwa akivua samaki, akamvuta samaki kwa nguvu, mwiba wa samaki ukamchoma jicho la kulia. Jicho likapofuka. Akabakiwa na moja, linaloona vizuri vitu vidogo vilivyo karibu. Basi akaviangalia vitu vidogo maisha yake yote. Akawa bingwa wa sisimizi.

Yeye na mwanafunzi wake, Daniel Simberloff, walikwenda Florida, kwenye visiwa vya mikoko. Mikoko mnaijua. Visiwa vyenyewe vilikuwa vijipande tu, upana wa mita 11 hadi 18, vingine ungedhani ni mti mmoja umesimama majini. Wakahesabu wadudu wote. Kisha wakafunika kila kisiwa kwa hema kubwa, wakafukiza dawa. Wadudu wote wakafa. Kisiwa kizima, kimya. Wakaondoa hema, wakakaa kusubiri.

"Wakarudi?"

Wakarudi. Wengine kwa mbawa, wengine kwa upepo, wengine kwa vijiti vinavyoelea. Haukwisha mwaka, visiwa vilikuwa na aina karibu zile zile kwa idadi, isipokuwa kile cha mbali kabisa, kilichelewa. Lakini wakazi wengi walikuwa wapya. Baraza imejaa tena, sura nyingine.

Sasa kuna swali linakuchezea mdomoni. Liseme.

"Kwa hiyo, mjomba, wakifa bib arme wote, watakuja wengine?"

Mwanangu, swali hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu tuweke shelisheli motoni.

Watakuja kutoka wapi?

Wale wa mikokoni walirudi kwa sababu ng'ambo ya maji kuna ndugu zao. Wa kisiwani akifa, wa bara yupo. Huyo ni mgeni wa baraza, nyumba yake iko kwingine. Bib arme si mgeni. Kisiwa kimemlea kwa muda mrefu hata akawa mtu wa pale tu. Ukimtoa Frégate, hakuna bara lenye ndugu yake wa kumrudisha. Baraza itajaa, ndiyo. Watakuja fukusi, watakuja chonga, watakuja hao wanaojua kupanda vyombo. Yeye hatakuja.

Na visiwa vidogo vimelea wengi wa namna hiyo. Kusini kabisa mwa Polinesia ya Ufaransa, katika Pasifiki, kuna kisiwa kinaitwa Rapa, kilomita 40 za mraba hivi. Pale kuna fukusi wa jenasi moja, Miocalles, aina 67. Mahali padogo vile, sitini na saba! Waliofika mwanzo hawakuwa wengi. Watoto wakagawana jiko: huyu akala mti huu, yule akala mti ule, mwingine akashika majani ya chini. Kila mmoja na chungu chake, mpaka wakawa hawafanani tena. Sasa fikiria mtu akate aina moja tu ya mti pale Rapa. Atakuwa amepindua vyungu vya nani?

*

Frégate kilikuwa kisiwa kisicho na panya. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu panya wameshatembea dunia nzima kwa vyombo vya watu. Bib arme hakumjua panya. Mama yake hakumjua. Bibi wa bibi yake hakumjua.

Mwaka 1995 panya wakaonekana Frégate.

Panya hawezi kuogelea kilomita 50 za bahari ya wazi. Aliletwa na chombo, katikati ya mizigo, bila mtu kukusudia. Akashuka usiku. Na alikuta nini? Alikuta wadudu wakubwa, wanono, wamelala kwa makundi ndani ya gome. Hawaruki. Ukiwa mdudu wa bara, panya akija unafunua kawa unaondoka. Huyu kawa yake imeshonwa.

"Masikini!"

Ndiyo. Nami nikifika hapa roho huniuma, na nimelisimulia mara nyingi.

Sikilizeni walichofanya watu. Mwaka uliofuata, 1996, mbawakawa wachache walipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London. Wadudu wa kisiwa cha joto, wakapandishwa ndege, wakapelekwa kwenye baridi ya Uingereza! Wakawekewa masanduku yenye joto, wakawekewa magome na udongo. Wakataga. Mayai yakaanguliwa. Funza wakakua kwenye kuni zilizooza, wakageuka wakubwa, nao wakataga. Kama mama anayegawa mbegu zake: nusu shambani, nusu kwa shangazi, mvua ikikosea huku, kule zipo.

Na Frégate kwenyewe wakawaandama panya. Mwaka 2000 helikopta ilipita juu ya kisiwa ikimwaga chambo cha sumu, isibaki kona ambayo haikufikiwa. Kabla ya hapo ilibidi wafanye kazi moja ngumu. Pale Frégate kuna ndege mmoja mweusi, ana bakabaka jeupe kwenye kila bawa, huokota wadudu ardhini. Miaka ya 1960 ndege hao walikuwa wamebaki wasiofika 20, wote pale. Sasa ukimwaga sumu, yeye naye si atadhurika? Basi wakawakamata wengi wao, mmoja mmoja, wakawatunza kwenye vizimba mpaka hatari ikapita. Ndipo wakawafungulia.

Panya wakaisha. Si wakapungua, wakaisha. Katika kisiwa kidogo hilo linawezekana, na hapa udogo wa Frégate ulimsaidia bib arme. Kisiwa ni kidogo, bahari ni kubwa: panya wa mwisho akifa, wa kumfuata hana njia, ila mtu amlete tena. Kwa hiyo mizigo inayokwenda kisiwani ni ya kukaguliwa. Gunia, sanduku, tita la mbao. Kila siku, miaka yote. Hiyo ndiyo kazi nisiyowahi kuisikia ikisifiwa, ya mtu anayefungua sanduku la vitunguu bandarini na kuchungulia ndani, naye anachungulia kwa ajili ya mdudu.

Halafu likaja la miti. Ugonjwa wa ukungu uliingia Shelisheli ukaua misandragon mingi. Majani yalinyauka, gome likakauka, mti ukafa umesimama. Nyumba ya bib arme ikawa inaanguka chumba baada ya chumba. Ndipo watu wakazidisha kupanda miti ya asili, ile iliyofyekwa zamani, miti ya mababu zake. Mti haukui kwa siku moja. Inabidi mtu apande leo, amsubirie mdudu.

"Na yeye bado yupo?"

Yupo. Saa hii jua likizama hapa, kule limekwishazama kitambo, maana wako mashariki yetu. Bib arme ameshatoka kwenye ufa wake. Anapanda shina. Na kobe wakubwa wa kisiwa wamelala chini yake kama mawe.

*

Haya, shelisheli limeiva. Angalieni vidole, mvuke wake unaunguza. Chumvi iko wapi? Na kipande kikubwa, nilisema, ni cha huyu.

Mbona umesimama? Hujamaliza kula.

"Mjomba, nataka tochi. Nataka kuangalia kwenye mkorosho."

Chukua. Nami nakuja, nishike mkono, miguu ya mjomba haioni vizuri gizani. Usimulike kwa ghafla. Tazama pale gome lilipoinuka kidogo. Ingiza kidole pembeni, usilivunje, linyanyue tu. Taratibu. Kama unavyofunua kawa ya chakula cha mgeni.

"Yupo! Mjomba, yupo! Mdogo, mweusi!"

Hesabu miguu.

"Moja, mbili, tatu… sita!"

Mgongo?

"Una mstari katikati. Milango miwili."

Ndiye. Sasa rudisha gome kama ulivyolikuta. Ah, ngoja, ametoka mwenyewe, amepanda kidoleni kwako. Tulia. Tazama anavyofanya. Anafunua kawa. Umeiona kanga? Ile inayong'aa, chini. Anaikunjua.

"Ameruka! Amepita juu ya jiko, mjomba! Anakwenda kwa akina Babu Ali!"